Mjadala: Pesa za mabilionea na kura ya bunduki Nevada, 2016

MLETA MADA: Wakuu, Novemba 2016 wapiga kura wa Nevada, Marekani, waliletewa Swali la 1, pendekezo la sheria lililofikishwa kwenye kura kwa saini za wananchi. Lilitaka mtu binafsi anayemuuzia mwenzake bunduki waende wote wawili kwa muuzaji mwenye leseni. Huyo anaipokea silaha kama ni mali ya duka lake, mnunuzi anajaza fomu, rekodi zake zinakaguliwa kuona kama anaruhusiwa kumiliki silaha, ndipo anakabidhiwa. Upande wa Ndiyo ulitumia karibu dola milioni 20, nyingi zikitoka Everytown, taasisi ya kudai udhibiti wa bunduki ya bilionea Michael Bloomberg wa New York. Wapinzani, chama cha watetezi wa bunduki cha NRA kikiwa mbele, walitumia milioni 6 na ushee. Ndiyo ikapita kwa asilimia 50.45, tofauti isiyofika kura 10,000. Katika maeneo 17 ya jimbo, ni Clark tu, yaani Las Vegas na jirani zake, iliyokubali. Mimi nasema tajiri wa jimbo jingine asipewe nafasi ya kuwatungia watu sheria.

MCHANGIAJI 1: Mkuu, zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa Nevada wanaishi Clark. Kinachohesabiwa ni vichwa, si ukubwa wa ardhi. Tena mwaka 2013 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa namna hiyo hiyo, gavana Brian Sandoval akaukataa. Wananchi wangepitia njia gani nyingine? Na kama shida ni pesa ya nje, NRA nayo makao yake ni Virginia.

MCHANGIAJI 2: Hapo mnabishana juu ya nani kalipa, wakati kasoro ilikuwa kwenye maandishi. Kwa kawaida muuzaji wa Nevada huulizia kwenye ofisi ya usalama ya jimbo, nayo inatazama rekodi za taifa pamoja na za jimbo. Rasimu ya Swali la 1 ikasema kwa mauzo ya watu binafsi aulize FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, moja kwa moja. Desemba 2016 FBI wakajibu kwa barua: jimbo haliwezi kuipangia serikali kuu kazi. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Adam Laxalt, akatoa maoni kwamba raia hawezi kushtakiwa kwa kutofanya jambo lisilowezekana. Kibaya zaidi, sheria iliyopitishwa kwa kura ya namna hiyo bunge haliruhusiwi kuigusa kwa miaka mitatu. Sentensi moja ikailaza sheria nzima. Bunge lilipitisha nyingine Februari 2019, ikarudisha ukaguzi kwa ofisi ya jimbo, ikaanza kutumika Januari 2, 2020, miaka mitatu ikiwa imeshapita.

MCHANGIAJI 3: Mleta mada, katazo unalolitaka halipiti. Mchango kwa mgombea wa ubunge wa taifa una kikomo, lakini mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Berkeley, ilifuta kikomo cha michango kwa kamati za kura ya maoni. Na pesa haishindi kila mara. Siku ile ile jimbo la Maine walipigia kura suala hilo hilo, upande wa Bloomberg ukiwa na pesa nyingi zaidi, na wakalikataa.

MLETA MADA: La Maine nalikubali. Ila aliyelipia ukusanyaji wa saini ndiye aliyeshika kalamu, na kalamu ile ilikosea bila mwananchi kuweza kusahihisha. Basi kabla ya saini ya kwanza, ofisi za jimbo zitakazoitekeleza sheria, ya Mwanasheria Mkuu ikiwemo, zisome rasimu na ziandike hadharani kama inatekelezeka.

MCHANGIAJI 1: Ofisi ya nani, ndugu yangu? Laxalt huyo huyo alionekana kwenye tangazo la televisheni la kupinga Swali la 1, lililolipiwa na NRA. Ukimpa rasimu mapema, umempa rungu la kuipigia kabla haijafika kwa wananchi.