Pauillac ya 2005 imetoa tope na ukakasi: imeharibika au nimekosea kumimina?

ZabibuKavu
Habari wadau. Nina chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Pauillac (eneo la Bordeaux, Ufaransa), mavuno ya 2005, zilizolazwa stoo yenye nyuzijoto 14 muda wote. Ya kwanza niliitoa ilikolala, nikaizibua na kumimina papo hapo. Kizibo kilikatikia shingoni, glasi za mwisho zikawa na tope, na mdomo ulikauka kwa ukakasi. Je, mvinyo umeharibika? Na hii ya pili niifungueje, tena niiache kwenye jagi la kioo saa ngapi?

MwangaWaMshumaa
Mkuu, hapo hakuna kilichoharibika. Lile tope ni mashapo: tanini (kile kitu cha maganda na mbegu za zabibu kinacholeta ukakasi) na chembe za rangi zilizoshikana polepole hadi zikawa nzito na kuzama. Kushikana huko ni sehemu ya kinachoulainisha mvinyo unapokaa, kwa hiyo Bordeaux ya umri huo isiyo na mashapo kabisa ndiyo ingenishangaza. Ila ukiyatibua yanaleta uchungu na kufunika harufu.

Chupa ya pili isimamishe siku mbili kabla, mashapo yashuke chini. Saa 24 ndiyo kima cha chini. Siku yenyewe ondoa ile karatasi ya shingoni yote, usikate juu tu, maana utahitaji kuona ndani. Ukikuta ukungu juu ya kizibo, futa kwa kitambaa chenye unyevu na uendelee, hauna neno.

Kizibo cha miaka 20 huwa kimelainika na skurubu hukipasua katikati. Tumia kizibuo cha vibapa viwili. Ingiza kwanza kibapa kirefu kati ya kizibo na kioo, kisha kifupi, yumbisha huku na huku hadi vishuke vyote, halafu zungusha huku ukivuta. Usikandamize kwa nguvu: kizibo kilicholegea kitatumbukia.

Kumimina sasa. Weka mshumaa au tochi nyuma ya shingo, inamisha chupa taratibu na umimine kwa mkupuo mmoja. Usiisimamishe katikati, kila ukiirudisha mashapo yanatibuka. Mwanzoni utaona wekundu safi unaong'aa. Kisha utatokea uzi mwembamba kama moshi, unatambaa kuelekea begani mwa chupa. Ukifika shingoni, acha hapo hapo. Kitakachobaki ni kama mililita 30 hadi 60, usizionee huruma.

Ukakasi
Naongeza la joto, maana nadhani nusu ya ule ukakasi umetoka hapo. Nyuzi 14 ni nzuri kwa kuhifadhi lakini ni baridi kwa kunywa mvinyo wenye tanini nyingi. Baridi huufanya ukakasi uwe mkali na harufu ijifiche. Unywe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukipita 20, pombe inaanza kupanda puani.

Kuhusu saa za kwenye jagi, usipange kabla ya kuonja. Mimina kidogo kwenye glasi, nusa kabla hujazungusha, ndipo uamue. 2005 ni mwaka wa tanini nyingi Bordeaux, kwa hiyo ukikuta umejifunga, yaani hautoi harufu sana, saa moja au mbili haziudhuru. Ukikuta tayari unanukia ngozi, tumbaku, uyoga na majani makavu ya msituni, anza kunywa. Mvinyo wa miaka 40 mimi siuachi kwenye jagi hata kidogo, manukato yake yanaweza kupotea ndani ya nusu saa.

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe utazame ukingo. Zambarau ni ujana, rangi ya tofali ni ukomavu, na kahawia iliyofifia hadi katikati ni dalili ya kuchoka. Kipimo hiki kinadanganya kwa Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia: zabibu zake, Nebbiolo, hutoa rangi inayopauka mapema huku tanini zikiwa bado kali.

ZabibuKavu
Asanteni sana wakuu. Kwenye chupa ya pili mvinyo umefika pale shingo inapoanza kupanuka. Ni tatizo?

MwangaWaMshumaa
Hapana, kwa umri huo ni kawaida. Ungekuwa umeshuka hadi katikati ya bega ningekuwa na wasiwasi wa hewa. Angalia pia kizibo: kikiwa kimesukumwa juu au kuna michirizi iliyokauka pembeni, chupa ilipata joto.

Ukakasi
Na ukiifungua ukakuta harufu ya karatasi ngumu iliyoloa, hiyo ni TCA, kemikali ya kizibo chenye kasoro inayoharibu mvinyo. Usisubiri iondoke kwa hewa, mara nyingi inazidi. Harufu ya zizi la farasi ni hamira ya Brettanomyces: ikiwa hafifu wengine wanaipenda, mimi naivumilia mradi tunda bado linasikika chini yake. Ya siki au rangi ya kucha haina tiba.

ZabibuKavu
Nimeisimamisha leo. Nitaifungua keshokutwa jioni.