Tupeane uzoefu: topedo na makombora, siku yalipokuaibisha na siku yalipokubeba

Ngao Chini (mwanzisha uzi)
Wakuu, kwema? Najua humu tuko wengi tunaokesha na magemu ya vita vya meli za anga. Leo mizinga na leza tuviweke pembeni, tuongelee silaha zinazoisha: topedo na makombora. Nadharia tupu sitaki, toa mechi.

Naanza mimi. Starsector, nimepata hela, nikaifunga meli yangu ndogo topedo mbili za Reaper. Ukisoma maelezo yake lazima utabasamu: moja tu ina madhara 4,000. Nikakutana na kruza, meli kubwa ya kivita, imenikazia macho, ngao iko juu. Kwa uchu nikaachia zote mbili kutoka mbali. Reaper haimfuati mtu, inakwenda ulikoielekeza. Moja ikatunguliwa njiani. Nyingine ikafika, ikapasuka kwenye ngao kwa mwanga mzuri sana, basi. Kwenye gemu ile mlipuko wa namna hiyo ukigonga ngao unakatwa nusu, ukigonga deraya unazidishwa mara mbili. Yaani nilichukua silaha kali kuliko zote nilizokuwa nazo nikaipeleka mahali inapodharauliwa. Kruza ikanigeukia taratibu, haina hata haraka.

Siku hizi natanguliza makombora ya Sabot. Hizo ni kinyume chake: kwenye ngao zinatesa, kwenye deraya hazina makali. Adui flux (mzigo wa nishati unaopanda ngao ikipigwa) ikimjaa, ngao inazima yenyewe na meli inabaki inatoa cheche, haifyatui wala haijikingi. Sekunde chache tu. Hapo ndipo naingia na Reaper, karibu kiasi kwamba nikikosa nitakuwa nimeigonga kwa pua.

Jamaa wa Akiba
Hapo kwenye "kwa uchu" hujanisema mimi.

Mchelewaji
Mimi ni mtu wa EVE Online, na aibu yangu ni ya aina nyingine. Nilikuwa mgeni kwenye stealth bomber, zile meli nyepesi zinazojificha halafu zinaibuka na topedo. Nikaibuka mbele ya frigeti iliyokuwa inakimbia, nikafyatua. Topedo zikaifikia vizuri kabisa, sikukosa hata moja. Ngao yake ikatikisika kidogo kama mtu aliyepigwa na upepo.

Kumbe kule topedo ina mlipuko mpana unaosambaa polepole. Meli ikiwa ndogo kwenye rada na ina mbio, sehemu kubwa ya mlipuko inapotea bure. Topedo ni za kuulia meli kubwa zisizo na pa kukimbilia. Ukilazimika kupiga kitu kidogo, lazima mwenzako aiwekee target painter ionekane kubwa, mwingine aitupie webifier ipungue mwendo. Bila hao wawili unawasha fataki.

Na jina langu humu limetokana na jambo jingine. Kwenye vita vya watu wengi kamanda anataja shabaha moja, wote wanapiga hiyo. Mwenye mizinga, risasi yake inafika papo hapo. Mimi makombora yangu yako njiani, yanatembea, na shabaha inapasuka kabla hayajafika. Nyingine, hivyo hivyo. Nilimaliza vita nzima nikiwa nimepiga maiti tu. Rafiki yangu mmoja akaniambia: wenzako wakipiga wa kwanza kwenye orodha, wewe piga wa pili. Mbona sikuliwaza mwenyewe!

Mzee wa Mkupuo
Uzi mtamu. Mimi nimezama kwenye Nebulous: Fleet Command tangu ilipotoka mwaka 2022 ikiwa bado haijakamilika. Kwa wasioijua, kule kombora unalitengeneza mwenyewe: unachagua jicho lake la kutafutia shabaha, kichwa chake cha mlipuko, injini yake, kisha unalilipia kwa pointi za kikosi chako. Kwa hiyo ukilipoteza kijinga linauma.

Mechi zangu za mwanzo nilikuwa narusha kwa vipimo. Manane, nasubiri nione. Manane tena. Mizinga midogo ya adui ilikuwa inayatungua moja moja huku mimi nahesabu pointi zinavyoungua. Hesabu yake ni ya darasa la tatu. Tuseme ulinzi wa adui unaweza kutungua kumi kila wimbi linapokuja. Ukituma manane mara nne, umetuma 32 na hakuna lililofika. Ukituma yote 32 kwa mkupuo mmoja, 22 yanapita. Makombora ni yale yale na bei ni ile ile. Wayne Hughes, afisa wa jeshi la majini la Marekani, aliiweka hesabu hii kwenye milinganyo kwa ajili ya meli za kweli za baharini, na msingi wake ni huohuo: toa yaliyotunguliwa, yanayobaki yagawanye kwa idadi ambayo meli moja inaweza kuhimili.

Sasa siku iliyonibeba. Adui alikuwa na meli tatu zimejibanza nyuma ya mwamba mkubwa. Nikagawa makombora makundi mawili. La kwanza nikalipangia njia ndefu, likazunguka mwamba kwa chini na kutokea mgongoni kwao. La pili nikaliweka liende njia fupi, ila sikulirusha. Nikashika kalamu na karatasi, nikakokotoa muda wa safari ya kila kundi, tofauti ikawa sekunde 40 hivi. Nikakaa na kidole juu ya kitufe, nahesabu kwa sauti hadi mtu wa chumba cha pili akauliza kama niko salama. Nikafyatua. Yalifika pande zote mbili kwa wakati mmoja, mizinga yao ikageukia mbele, ikageukia nyuma, ikarudi mbele. Mbili zilikufa papo hapo. Ya tatu ilibaki haina injini, inaelea inazunguka. Nilisimama kwenye kiti.

Bati la Kuzuga
Mzee, heshima. Mimi wa Nebulous pia, ila wenzangu walikoma kunialika.

Makombora yenye jicho la rada yalikuwa yananijia, nikamwaga chaff, vile vipande vya metali vya kuzuga rada. Yakazugika, yakaniacha. Nikashangilia kwenye maiki. Yakapita lile wingu, yakafungua macho upande wa pili, na aliyekuwepo upande wa pili ni mwenzangu, ubavu wazi. Kimya kilichofuata kwenye maiki sitakisahau.

Baadaye nikaja kusoma kwamba limewahi kutokea kwenye vita vya kweli. Mei 1982, vita vya Falklands, makombora mawili ya Exocet yalizugwa na chaff ya meli za kivita za Uingereza, yakaiangukia meli ya mizigo Atlantic Conveyor. Watu 12 walikufa. Kwenye gemu mimi nilitukanwa tu.

Kwa hiyo kabla hujamwaga, angalia nani yuko nyuma ya wingu lako.

Mpiga Kona
Swali kwa Mzee: adui akiwasha jama, kile kifaa cha kuvuruga rada, rada yangu inajaa ukungu, naongoza vipi makombora?

Mzee wa Mkupuo
Usihangaike kuona. Changanya humo makombora machache yenye jicho linalofuata mawimbi ya redio. Jama ikiwaka ni sawa na mtu anayepiga kelele gizani, unaifuata sauti. Na yale yanayoongozwa na rada ya meli yako hayazugwi na chaff, lakini jama ikikupofusha nayo yanapofuka. Ndiyo maana sitengenezi aina moja tu.

Admirali wa Mstari
Battlefleet Gothic: Armada. Topedo zinakwenda mstari ulionyooka na hazijui nani ni ndugu. Niliachia topedo nyingi kwa mpigo, halafu nikaamuru meli yangu kubwa ikate mbele "iwahi nafasi". Iliwahi.

Ngao Chini
😂😂 Iliwahi!

Jamaa wa Akiba
Haya, zamu yangu, japo FTL ni meli moja na si kikosi. Kule kombora linapenya ngao za kawaida, mradi adui hana droni ya kulitungua, na kila likitoka stoo inapungua. Kwa hiyo ninyi mnarusha mapema, mimi sirushi. Kila adui namwambia huyu hastahili. Nyamaza, hili nalitunza kwa bosi, yule adui wa mwisho. Juzi nimefika kwa bosi kweli, chumba cha silaha kikashika moto sekunde za mwanzo, mabaharia wanakimbizana na zimamoto, silaha zote zimezima. Nimekufa na makombora 19 stoo.

Mchelewaji
19!

Jamaa wa Akiba
Na niliyanunua, mkuu.