Mrejesho: mwani katika tangi jipya la matumbawe

Wiki sita zilizopita niliomba ushauri kuhusu tangi langu jipya la maji ya bahari, ambalo mchanga na mawe yake yalifunikwa na utando wa kahawia, kisha nyuzi za mwani wa kijani, huku taa zikiwaka saa 12 kwa siku. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilipunguza muda wa taa hadi saa 8 kwa siku, nikapunguza mwanga mweupe na kuuacha ule wa buluu. Hata hivyo, naamini kiini cha tatizo kilikuwa maji yenyewe: nilikuwa nikichanganya chumvi na maji ya bomba, ambayo vipimo vilionyesha yana fosfati (kirutubisho kinachokuza mwani), na utando wa kahawia ulianza kutoweka nilipohamia maji yaliyoondolewa madini. Nyuzi za kijani zilikuwa sugu zaidi. Nilizing'oa kwa mkono kila nilipobadilisha asilimia 10 ya maji, na konokono wakala mabaki.

Fosfati sasa ni miligramu 0.05 kwa lita, na sikusudii kuifikisha sifuri, kwa kuwa matumbawe nayo huihitaji kidogo. Tumbawe laini lililokuwa limejikunja sasa hufunguka kila asubuhi.