Mume akifa, lupango ni wa nani? Mjadala kutoka Lubumbashi

Anayefungua mjadala, Katuba

Wakwetu wa Katuba na komini (maeneo ya mji) nyingine za Lubumbashi, swali ni hili: baba wa nyumba akifa, mjane na watoto wabaki ndani ya lupango (kiwanja na nyumba yake), au jamaa ya marehemu ina haki ya kuuchukua? Nasema mapema nilipo: wabaki. Na kikao cha mali kisiitishwe kabla kilio hakijaondolewa.

Wengi tumeona inavyokwenda. Watu wametoka makaburini, mjane bado amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, sauti imemkauka. Shemeji anaingia chumbani, anamwomba funguo ya kabati. Anatafuta farde ya karatasi: cheti cha lupango, kitabu cha benki, karatasi za gari. Hapigi kelele. Anasema tu, "Tunaenda kuzihifadhi." Watoto wanapofukuzwa shuleni kwa deni la karo, lupango umeshapata mnunuzi.

Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haiachi jambo hili kwa huruma ya mashemeji. Watoto wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ndiyo inayogawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Juu ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hapa mjini hawalijui. Waliofunga ndoa mbele ya serikali bila kuchagua mpango mwingine wa mali, sheria inahesabu kwamba walichokipata ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Basi kama lupango ulinunuliwa baada ya harusi, nusu yake haimo kabisa katika urithi. Ni ya mama tangu mume akiwa hai. Shemeji anagawanya nini hapo?

Mzee mmoja, komini ya Kenya

Mwanangu, sheria unaijua, lakini sheria haikulea mtu. Sisi Babemba na Balamba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akifa, anayesimama mahali pake ni ndugu yake wa tumbo moja au mwana wa dada yake. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee wetu.

Huyo marehemu unayemtetea bibi yake (mke wake), nani alimsomesha? Mjomba. Alipokosa kazi, nani alimpa unga? Dada zake. Bibi amekuja amekuta mtu amekwisha kuwa mtu. Leo ndugu hao wapewe sehemu ya robo, nao ndio waliomtoa mbali? Na kesho bibi akiolewa, mwanaume mwingine aje kulala katika nyumba ya ndugu yetu! Hilo linauma, usilipite haraka.

Mama mjane, Ruashi

Mzee, heshima yako. Mimi nimetolewa katika nyumba kama hiyo, na watoto wangu. Sikuwa na karatasi. Mahari ilitolewa yote, jamaa zote mbili zilikula na kucheza, lakini ku komini, kwenye ofisi ya serikali, hatukufika. Siku ya kikao wale wale waliopokea soda harusini walisema hawanijui. Naomba mtu aniambie: mahari ile haikuwa ndoa?

Anayefungua mjadala, Katuba

Mama, pole sana. Nakujibu kwanza wewe.

Ilikuwa ndoa. Sheria inakubali ndoa iliyofungwa kwa desturi ndani ya jamaa. Lakini inataka iandikishwe kwa ofisa wa eta sivili (anayeandikisha ndoa na vizazi), ndani ya mwezi mmoja. Isipoandikishwa, ninyi wawili mnajua mmeoana, ila mbele ya watu wengine haina nguvu mpaka iandikwe. Mlango huo ndio uliopitiwa na mashemeji. Kwa watoto ni afadhali: hata aliyezaliwa nje ya ndoa anarithi sawa na wenzake, mradi baba alimtambua kisheria alipokuwa hai. Kama majina yao yako kwenye vyeti vya kuzaliwa na baba aliwakubali hapo, peleka vyeti hivyo kwa avoka (wakili). Usikubali kwamba yamekwisha.

Mzee wangu, naja kwako. Unasema bibi amekuja amekuta. Kumbuka miaka ile Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ilipokaa miezi na miezi bila kulipa, mpaka mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka na fedha za kulipwa mara moja tu. Nani alilisha mji huu? Akina mama, kwa makala (makaa), kwa unga wa kupima kwa kopo, kwa samaki wa Kasenga wa kukaushwa. Lupango ngapi za Katuba na Kenya zilibaki mikononi mwa wenyewe kwa sababu mama alikataa ziuzwe? Mwanamke huyo huwezi kumwita mgeni aliyekuta.

Kuhusu ndoa mpya, sheria nayo imeliona: mjane akiolewa tena, ile haki ya kukaa katika nyumba inaweza kukatika. Lakini sehemu ya watoto haiguswi na ndoa ya mama yao.

Na desturi naiheshimu, lakini tuitazame jinsi ilivyo hapa Lubumbashi. Kijijini, ukoo uliochukua mali ya mjomba ulichukua pia mzigo wa kulea: mtoto alikosa kwa baba akapata kwa wajomba zake. Sasa Mubemba ameoa binti wa Kiluba. Kwenu mtoto ni wa upande wa mama. Kwa Baluba wa Katanga mtoto ni wa upande wa baba. Baba akifa, wenu wanamwambia nenda kwa wajomba zako. Wajomba wanamwambia rudi kwa baba yako. Desturi zote mbili zimefuatwa, na mtoto amelala nje. Ndoa za namna hiyo zimejaa katika mji huu. Katiba ya 2006 inawaruhusu majaji kutumia desturi, ila isipingane na utaratibu wa umma wala maadili mema, na mimi naona ni haki iwe hivyo.

Ndugu waliomsomesha marehemu nao wana neno lao, sikatai. Wana sehemu yao katika ile robo, na mwenye lupango anaweza kuandika wosia akiwa mzima, sheria ikimwekea mpaka kwa ajili ya watoto wake. Wanaume wa rika langu, mnaogopa nini kuandika? Na wale ambao mahari ilishatoka lakini ku komini hamjafika, nini kinawazuia: bei, foleni, au mume hataki? Andikeni hapa chini, hasa akina mama.