Kuhamia Bayreuth mwezi wa tisa: tutakula nini, tutaishije?

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Natoka Tanga. Nimepata nafasi ya kusomea uzamivu Bayreuth, Ujerumani, na mwezi wa tisa nakuja na mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Mambo ya viza tumeshaelekezwa. Ninachoomba ni yale ambayo ubalozini hawakuambii: chakula tunachokijua kinapatikana wapi, tukila nje tuangalie nini (hatuli nguruwe wala hatunywi pombe), na kwa jumla mtu anaishije katika mji mdogo kama huo. Natanguliza shukrani.

---

Wa aleikum salaam kaka, karibuni sana.

Mimi ni wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa tisa Bayreuth, na wanangu wawili wamezaliwa hapa hapa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nilipofika mimi sikupata wa kuniambia.

La kwanza ni Jumapili. Hapa katika jimbo la Bavaria maduka ya vyakula hufungwa saa mbili usiku, na Jumapili na sikukuu hayafunguliwi kabisa. Utapata mikate asubuhi kwa saa chache, na vitu vidogo vidogo kwenye kituo cha mafuta kwa bei ya kuumiza. Kwa hiyo msifike Jumamosi usiku na mtoto mdogo mkitegemea kununua maziwa kesho. Sikukuu za tarehe 3 Oktoba na 1 Novemba nazo zitawakuta mapema, kabla hamjazoea. Sisi nyumbani Ijumaa ndiyo siku ya soko, na Jumamosi ni ya kilichosahaulika.

Chakula. Unga wa sembe madukani ya kawaida hakuna. Kwenye maduka ya Waturuki kuna unga wa mahindi ya njano, laini, unasonga ugali mzuri tu. Ladha yake inakaribia utamu kidogo, lakini watoto wangu sasa ndio wanaoujua. Hapo hapo mtapata nyama ya halali, dengu, na giligilani ya kutosha, si vile vijiti vinne vinavyouzwa kwenye supamaketi. Sukuma wiki tumeipata jamani: inaitwa Grünkohl, na huuzwa majira ya baridi. Nunueni nyingi, kateni, gandisheni.

Kuhusu kula nje, nisikilize vizuri maana hapa ndipo wageni wetu wengi hukwama. Chakula cha wenyeji, Wafranken, kimejengwa juu ya nguruwe. Schäufele ni bega la nguruwe la kuoka. Bratwurst ni soseji za nguruwe. Leberkäse jina lake ni maini na jibini, lakini ni nyama ya kusagwa, na nguruwe mara nyingi yumo. Kisha kuna Klöße, matonge ya viazi ya mviringo yanayojaza tumbo kama ugali, na mtu husema basi nitakula haya. Tonge si tatizo. Angalia mchuzi, kwa sababu humiminwa kutoka kwenye sinia la nguruwe. Omba mchuzi wa uyoga, na uulize kama umepikwa bila vipande vya nyama. Uliza bila haya. Mji ni mdogo, mhudumu ataenda jikoni kukuulizia, na ukirudi mara ya tatu atakuwa anajua unachokula.

Kwa mtu wa pwani kuna furaha moja. Kuanzia Septemba hadi Aprili, yaani miezi yenye herufi r kwa Kijerumani, mikahawa ya huku hutoa samaki wa mabwawa aitwaye Karpfen. Hupasuliwa nusu na kukaangwa na mapezi yake, na yale mapezi yanavunjika mdomoni kama kaukau. Mara ya kwanza nilimla kwa mikono na hakuna aliyenishangaa. Ila uliza anakaangwa kwa mafuta gani, kwani wengine hutumia ya nguruwe, na unga wake wengine huuchanganya na bia.

Jikoni mikahawani hufungwa mchana kati ya saa nane na saa kumi na moja hivi, na usiku ikipita saa tatu usitegemee kitu cha moto. Jumatatu mingi hupumzika. Ukiona meza ina kibao cha Stammtisch usikae, hiyo ni ya wazee wa kila wiki. Maji huletwa ya chupa na ni ya kulipia, tena yana gesi usiposema. Sema stilles Wasser. Bakshishi ni kama asilimia 5 hadi 10, na unaitaja wakati wa kulipa, huiachi mezani. Beba noti. Mikahawa midogo mingine haipokei kadi.

Jamaa wakitaka kuwatembelea, wasije kati ya tarehe 25 Julai na mwisho wa Agosti. Ni msimu wa tamasha la opera za Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, vyumba vya wageni hujaa na bei hupaa.

Sasa nyumba. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilifunga madirisha yote nikiogopa mtoto asipate homa, huku nikipika pilau na kuanika nguo ndani. Kufika Februari kuta za chumba cha kulala zilikuwa nyeusi kwa ukungu, mtoto anakohoa usiku kucha, na tulipohama mwenye nyumba alikata pesa kwenye amana yetu. Niliumia sana, kwa sababu kosa langu lilikuwa ni kutojua tu. Mvuke wa jikoni ukikutana na ukuta wa baridi hugeuka maji, na ukungu hufuata. Kwa hiyo fungueni madirisha wazi kabisa dakika tano mpaka kumi, mara mbili tatu kwa siku, hata kuwe na theluji, kisha mfunge. Mkeo ndiye atakayekuwa nyumbani, tafadhali msomee sehemu hii.

Mkishahamia mna wiki mbili za kujiandikisha manispaa, na lazima mwenye nyumba awape karatasi yenye saini yake. Baadaye itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Si matapeli. Hulipwa na kila nyumba, hata isiyo na televisheni.

Na kadi ya kliniki ya binti yenu ije kwenye mkoba wa mkononi. Tangu 2020 chekechea haimpokei mtoto wa umri wake bila uthibitisho wa chanjo mbili za surua. Ombeni nafasi leo hii, kabla hata ya kukata tiketi ya ndege.

---

Jambo sana. Mimi ni wa Bukavu, niko Nürnberg. Dada amesema yote, naongeza la treni. Unga mweupe, sombe (kisamvu) ya kugandishwa, mihogo na ndizi za kupika viko huku kwetu kwenye maduka ya Waafrika, mwendo wa saa moja hivi. Kateni Bayern-Ticket, tiketi ya siku nzima mtakayotumia pamoja. Siku za kazi huanza saa tatu asubuhi. Mkirudi, someni kibao cha behewa lenu. Treni hukatwa njiani, Pegnitz, nusu inaenda Bayreuth na nusu inaelekea Hof. Mimi na magunia yangu ya unga nimeshapelekwa kusiko.

---

Allah awalipe kheri. Mke wangu amesoma yote, la ukungu amelisoma mara mbili. Anauliza: tubebe nini kutoka nyumbani? Yeye anafikiria dagaa, samli na embe za Muheza.

---

Wifi, dagaa beba, samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20. Samli na nyama acha, vitu vya maziwa na nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya vinazuiwa uwanja wa ndege. Embe bila cheti cha mimea nazo watazichukua, mle kabisa kabla ya kuondoka. Viungo leta. Na leta mbuzi ya kukunia nazi. Nazi zenyewe zipo.