Tupeane uzoefu: wafanyakazi wa chuo na akili unde, nani alikufunza na ilikuchoma wapi?

Mwenye Uzi, Malindi

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mhadhiri kwenye kampasi ndogo hapa Malindi. Mwaka huu nimebebeshwa mzigo wa kuwafunza wenzangu akili unde (AI, zile programu zinazoandika na kujibu kama mtu): wahadhiri, makarani, watu wa maktaba, mpaka ofisi ya hesabu. (Nyinyi wa "akili mnemba", ugomvi wa jina tuuweke kando leo, tafadhali.)

Mara ya kwanza niliharibu. Niliandaa slaidi 40, nikaanza na tarehe: ChatGPT ilitoka Novemba 2022, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wakatoa mwongozo wao wa kuitumia kwenye elimu na utafiti Septemba 2023, nikaendelea hivyo. Joto la Malindi la saa nane mchana mnalijua. Kufikia slaidi ya 12 nusu walikuwa kwenye simu, nusu wanasinzia, na mzee mmoja wa hesabu akanyanyua mkono: "Sasa mwalimu, hii itanifungia vitabu vya mwezi au haitanifungia?" Sikuwa na jibu.

Mara ya pili slaidi nikaziacha nyumbani. Nikasema kila mtu aje na kazi yake iliyomkalia vibaya, tukae wawili wawili. Watu wakafunguka. Kumbe wengi walikuwa wakiitumia kitambo, kwa siri, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu anayejificha haulizi, na asiyeuliza hana wa kumwonya.

Nataka visa vyenu. Nadharia ninayo ya kutosha.

Karani wa Idara

Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao waliokuwa wakila mchana.

Mimi ndiye mwandika kumbukumbu za vikao. Siku moja nilichoka, nikapiga maandishi yangu ya haraka nikaitupia programu: andika kumbukumbu rasmi. Ikaandika vizuri kuliko mimi, wallahi. Nikapeleka, kikao kilichofuata wakazithibitisha. Baada ya wiki 3 mkuu wa idara ananiuliza, ile kamati ndogo tuliyoazimia kuiunda imekaa lini? Hakuna mtu aliyewahi kutaja kamati. Programu iliona vikao vingi huishia na kamati, ikatuundia yetu.

Tulicheka, lakini kulikuwa na jambo baya zaidi ambalo halikuonekana. Ndani ya yale maandishi kulikuwa na kesi ya nidhamu ya mwanafunzi, jina na namba yake ya usajili. Nikavitupa vyote kwenye programu ya bure. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mimi nilikuwa nimewahi kubandika bango lake ukutani kwangu! Nilidhani ni mambo ya benki.

Sasa majina yote nayageuza A, B, C kwanza. Naiambia inyooshe lugha tu, isiongeze azimio. Kisha nasoma mstari kwa mstari, daftari likiwa kando.

Mkutubi

Bi Karani, pole dadangu. Kamati yako ni ndugu wa marejeo yangu.

Alikuja mhadhiri na orodha ya makala 6, anazitaka zote kabla ya Ijumaa. Nilihangaika siku 2. Zilizokuwepo ni 2. Nne zilizobaki zilikuwa na waandishi wa kweli, majarida ya kweli, hata namba za kurasa, ila makala zenyewe hazikuandikwa na mtu. Nilipomwambia alikasirika na mimi, akidhani maktaba yetu ni duni. (Ni duni kidogo, lakini si hilo lililokuwa tatizo.)

Wengi hawaelewi kwamba ile programu, ikiachwa peke yake, haiendi kutafuta popote. Inakisia neno linaloelekea kufuata, kisha linalofuata hilo. Marejeo yana umbo linalokisika kwa urahisi: jina, mwaka, kichwa, jarida. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuniwa namna hii. Zile zinazotafuta mtandaoni zina afadhali, lakini nazo bofya kiungo uone kama kinafika.

Nikifunza wenzangu, sianzi na onyo. Namwambia kila mtu aiulize habari za kitu anachokijua kuliko yeyote chumbani. Mvuvi wa zamani akaiuliza kuhusu jahazi, mwingine kuhusu mtaa wao. Dakika 5 hazikwisha wakaanza kubishana nayo. Kuanzia hapo sina kazi ya kuwashawishi.

Mwalimu wa Fasihi, Lamu

Mkutubi amenichokoza. Niliiomba ubeti wa utendi wa kale wa huku kwetu. Ikaniletea, kwa kujiamini kama shehe. Nikahesabu mizani, yaani silabi, ambazo kila kipande hutakiwa kuwa nazo 8: cha kwanza 9, cha pili 11, cha tatu 8 kwa bahati. Vina vya vipande vitatu vya mwanzo havikukutana, na kile cha nne ambacho kina chake hubeba utendi mzima hakikubeba kitu. Mtoto wa madrasa Lamu angeusikia ukichechemea.

Hilo ni la kuchekesha. Hili si la kuchekesha: nilirekodi wazee wakizungumza Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, nikaipa maandishi iyapange tu. Ikayasahihisha! Nti ikawa nchi, ndia ikawa njia, moya ikawa moja. Bibi aliyesema "mato yangu yaona kiza", yaani macho yake, akageuka bibi ambaye mtoto wake anaona giza. Niliikataza, ikatii kurasa 2, ya tatu ikarudia. Kama singekuwa na sauti zenyewe, ningechapisha utafiti wa Kiamu usio na Kiamu ndani. Wale wazee walinikubalia mimi, hawakukubali kufundishwa Kiswahili sanifu.

Lakini nisiwe mchoyo wa fadhila. Ikisiri zangu za Kiingereza sasa zinasomeka. Nilitaja mwishoni mwa makala kuwa lugha imenyooshwa na programu, nikaitaja jina, na mhariri hakununa.

Kijana wa Tehama

Kwa ufupi, nina mtihani wa kusimamia. Msimfelishe mwanafunzi kwa sababu ya kitambuzi, ile programu inayodai kujua kazi iliyoandikwa na akili unde. OpenAI wenyewe, walioitengeneza ChatGPT, walikiondoa cha kwao Julai 2023 kwa kukosa usahihi, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka huohuo ulikuta vitambuzi vikizitilia shaka zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Hao ni sisi. Mwite, muulize aliandikaje.

Mhadhiri wa Uuguzi

Nasoma kimya, lakini acha niseme. Nilikuwa na insha 90 na siku 4. Nikaiachia iandike maoni. Mwanafunzi mmoja akaja ofisini kwa adabu zote: "Madam, maoni yangu na ya mwenzangu ni pacha." Akaziweka mezani insha zote mbili. Neno kwa neno. Tangu 2023 ninawakataza wanafunzi wasifanye hilohilo. Sikuwa na pa kuficha uso, nikamwambia ukweli, nikazisoma upya zote.

Leo naitumia kutunga visa vya mazoezi vya wagonjwa wa kubuni. Inanipa visa 10 kwa dakika chache, ninavitupa 6. Vipimo vya dawa nakokotoa mwenyewe kwa kalamu.

Mwenye Uzi, Malindi

Nashukuru, sana. Madam, kisa chako nakiomba nikitumie bila jina, kitafaa kuliko slaidi zangu zote.

Na yule mzee wa hesabu: alirudi. Aliiomba fomula ya Excel ya kulinganisha daftari na taarifa ya benki, bila kuipa jina la mtu wala kiasi halisi, kisha akaijaribu kwenye miezi ambayo alikwisha kuifunga kwa mkono. Ikatoa tofauti ya shilingi 300. Akaja kwangu mbio kunionyesha kwamba mashine inakosea. Tukakaa, tukafukua risiti. Kosa lilikuwa la daftari, la Machi mwaka jana, mwandiko wake mwenyewe.

Hajasema kama atalisahihisha.