Naomba ushauri: chuo kidogo kisicho na ada au chuo chenye jina kwa uzamili wa filamu?

Habari za humu wakuu. Nimepokelewa na vyuo viwili kusomea uongozaji wa filamu, na siku ya kujibu inakaribia.

Cha kwanza ni kidogo: darasa la watu 12, ada imesamehewa, kila mmoja anaongoza filamu fupi kila muhula, na kazi inabaki mali ya mwanafunzi. Udhaifu wake ni kwamba tutapigiana picha na kuhaririana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna anayesomea upigapicha au uhariri tu.

Cha pili kina jina, na kinafuata mpangilio kama wa AFI Conservatory ya Los Angeles, ambako waongozaji, waandishi, watayarishaji, wapigapicha, wahariri na wasanifu wa mandhari husoma fani zao na kutengeneza filamu pamoja. Huko ndiko moyo unakovutwa, kwa sababu mwongozaji hujifunza mengi kutoka kwa mhariri anayembishia. Lakini ada yote ni mkopo, filamu ya kuhitimu mwanafunzi huigharimia mwenyewe, na hakimiliki ni ya chuo, hivyo kuiuza kunahitaji kibali.

Nimesoma masharti ya vyuo vyote na kutazama filamu za wahitimu wao. Za chuo kikubwa zina sauti safi zaidi. Za kidogo zina hadithi zenye ujasiri.

Kwa mliopitia huko: watu mnaofanya nao kazi sasa mliwapata darasani, au baadaye kwenye seti? Na je, kuna aliyewahi kujadiliana na chuo kikubwa kuhusu ufadhili kwa kuwaonyesha barua ya chuo kingine? Aliomba nini hasa?